Dawa Kwanza, Kipimo Baadaye
Mwongozo kwa mzazi wa Bwejuu mwenye mtoto wa himofilia

Kutoka Bwejuu hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni zaidi ya kilomita 50. Unapita Paje, unapita Kitogani, unapunguza mwendo kwenye matuta ya Jozani yaliyowekwa kunusuru kima punju, kisha Tunguu, ndipo uone taa za mjini. Saa nzima imekwisha, pengine na zaidi. Mtoto mwenye mafua anaivumilia safari hiyo. Mtoto mwenye himofilia kali aliyeanguka akapiga kichwa, damu inamvujia ndani njia nzima, na wewe uliyempakata huna jeraha la kuziba kwa kitambaa.

Mwongozo huu ni wako wewe mama, baba, bibi au mjomba unayeishi na mtoto huyo. Haukufanyi daktari. Unakutayarisha ili usiku huo ukifika ujue cha kushika, cha kusema, na cha kukataa.

KWA NINI DAMU HAIKATIKI

Akina mama wa Bwejuu wanaosokota kamba za makumbi wanajua kuwa nyuzi zilizolundikwa tu hazifungi kitu mpaka zisokotwe zishikane. Damu nayo ni hivyo. Mtu akijikata, kwanza chembe ndogo za damu hukimbilia pale na kujibana kama kizibo. Kisha protini kadhaa, moja ikiamsha nyingine, hutengeneza nyuzi zinazokifunga kizibo hicho kisibomoke. Protini hizo huitwa fakta, na kila moja ina nambari yake. Mwenye himofilia A amepungukiwa fakta 8. Mwenye himofilia B amepungukiwa fakta 9.

Ndiyo maana mtoto huyu akijikata kidogo damu husimama kama ya mwenzake, halafu baada ya saa kadhaa, au kesho yake, inaanza upya: kizibo kilijengwa lakini hakikufungwa. Hatoki damu kwa kasi kuliko wengine. Anatoka kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi ndani, kwenye goti, kifundo cha mguu, kiwiko, kwenye misuli na kichwani.

Himofilia A humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 5,000. Himofilia B ni adimu zaidi. Huitwa kali pale fakta iliyomo mwilini ikiwa chini ya asilimia 1 ya kiasi cha kawaida. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuvuja damu hata bila kuanguka.

Tatizo hupita kwa mama, naye mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Lakini karibu theluthi moja ya watoto huzaliwa nalo katika familia ambamo halikuwahi kuonekana. Ukisikia ukweni wanasema mwanamke kaleta ugonjwa nyumbani, wakatalie. Hakuna aliyekosa. Si tego wala shetani, na nguvu za kugombana zinahitajika kwingine.

DAWA YENYEWE NI NINI

Fakta huja kama unga mweupe ndani ya kichupa kidogo, pamoja na kichupa kingine cha maji yake. Huchomwa kwenye mshipa wa damu, si kwenye msuli. Nyingine hutolewa katika damu za wachangiaji, nyingine hutengenezwa maabara bila damu ya mtu. Wazee wengi huuliza kama ina maradhi. Swali hilo lina sababu: miaka ya 1980 mwanzoni, wagonjwa wengi wa himofilia Ulaya na Marekani waliambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini kupitia dawa hizi. Baada ya msiba ule wachangiaji walianza kupimwa, na dawa inayotokana na damu husafishwa kwa namna ya kuua virusi kabla haijafungwa.

Ni dawa ghali sana. Katika nchi kama yetu sehemu kubwa huja kama msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani (WFH), lenye makao yake Montreal, Kanada. Kwa Tanzania, Muhimbili pale Dar es Salaam ina kliniki ya himofilia, na kipo Chama cha Himofilia Tanzania (HST) kinachounganisha wagonjwa na familia zao. Mtoto ambaye hajaandikishwa hahesabiki, na asiyehesabika dawa haiagizwi kwa ajili yake. Kama mwanao hajawahi kupimwa kiwango cha fakta, omba rufaa ya kwenda kupimwa kabla ya jingine lolote katika mwongozo huu. Boti ya kwenda Dar ni kama saa mbili. Safari hiyo moja ndiyo itakayokupa jibu la A au B, na jibu hilo ndilo linaloamua dawa.

KISANDUKU CHA HESABU

Daktari ndiye anayeamua dozi. Lakini ujue hesabu inavyokwenda, ili uielewe karatasi yako ya dozi na uweze kuuliza ikionekana pungufu.

• Fakta 8: kila yuniti 1 kwa kila kilo ya uzito hupandisha kiwango kwa asilimia 2 hivi.
• Fakta 9: kila yuniti 1 kwa kilo hupandisha asilimia 1 hivi, na kwa baadhi ya dawa za maabara huwa chini ya hapo kwa watoto.

Chukua mtoto wa kilo 15 mwenye himofilia A. Kapiga kichwa, na daktari anataka kumfikisha asilimia 100: 15 × 100 × 0.5 (nusu, kwa kuwa yuniti 1 hupandisha asilimia 2) = yuniti 750. Kama ni goti tu na anataka asilimia 40: 15 × 40 × 0.5 = yuniti 300. Vichupa vingi ni vya yuniti 250, 500 au 1,000. Kichupa kikishafunguliwa hakirudishwi, kwa hiyo kwa kawaida hesabu hukamilishwa hadi kichupa kizima.

Nusu ya fakta 8 hupotea mwilini ndani ya saa 8 hadi 12, na kwa mtoto mdogo mapema zaidi. Fakta 9 hukaa karibu mara mbili ya hapo. Kwa sababu hiyo sindano moja haitoshi kwa damu ya kichwani. Tiba huendelea siku nyingi, mara nyingi wiki mbili au zaidi. Usikubali kurudi nyumbani kwa kuwa tu mtoto ameamka na anacheka.

IJUE DAMU YA NDANI KABLA HAIJAONEKANA

Mtoto mkubwa atakwambia mwenyewe, ukimzoesha. Wengi huhisi mtekenyo au joto ndani ya kiungo kabla hakijavimba. Akisema "mama, goti linaniwasha kwa ndani", hiyo ndiyo saa ya dawa. Usingoje uvimbe. Mdogo asiyesema utamsoma kwa vitendo: hatambai kwa mkono mmoja, anakataa kuvaa suruali, analia ukimbadilisha nepi upande mmoja tu. Weka viganja vyako viwili kwa pamoja, kimoja kila goti. Lenye damu lina joto kuliko mwenzake.

Hizi ndizo za hatari ya maisha au ya kiungo. Ukiona mojawapo, hakuna kungoja asubuhi:

• Amepiga kichwa kwa nguvu, hata kama hakuna nundu. Kuumwa kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege au ukali wa ghafla vinaweza kuja saa nyingi baadaye, hata siku kadhaa.
• Uvimbe wa shingo au koo, sauti imebadilika, anameza kwa shida.
• Tumbo linauma au limekaza, choo cheusi kama lami, anatapika damu.
• Analala amekunja paja na hawezi kulinyoosha. Huenda damu iko kwenye msuli wa ndani ya nyonga. Watu hudhani ni goti au kidole tumbo.
• Mkono au shavu la mguu limevimba na kukaza, vidole vinakufa ganzi.
• Jicho limeumia.

HATUA ZA SAA YA KWANZA

1. Tazama saa, uiandike. Kila daktari atakuuliza ilianza lini.

2. Kama una fakta nyumbani na umefundishwa kuchoma, mchome sasa. Kama huna, gari liitwe sasa. Hatua zinazofuata zifanyike huku gari likija.

3. Kiungo kikiwa na damu, kilaze kama kilivyo. Usikinyooshe kwa nguvu. Funga barafu ndani ya khanga, weka dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Barafu isiguse ngozi. Kinyanyue juu ya mto.

4. Puani: mkalishe, ainamie mbele, asiangalie juu. Bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia kuchungulia.

5. Mdomoni: barafu ya kunyonya husaidia, kama ile ya ukwaju wanayonunua watoto wakitoka skuli. Kama daktari amekuandikia traneksamiki (dawa ya kusaidia damu isimame), mpe kama ilivyoandikwa. Usimpe ikiwa anakojoa damu.

6. Maumivu: paracetamol tu, kwa uzito wake.

7. Piga simu hospitali unayokwenda, useme unakuja na nini. Ipo hospitali ya wilaya Kitogani, ambayo ni karibu zaidi. Lakini swali la kama wana fakta ya aina ya mwanao leo hii uwe umeshauliza mchana, siku ya salama. Kukatiza safari mahali pasipo na dawa kunakula saa ile ile unayoipigania.

MANENO YA KUSEMA MLANGONI

Mzazi aliyefika usiku kifua kikimpiga husimulia kisa tangu mwanzo: mtoto alikuwa anacheza pwani, maji yamekupwa, akateleza kwenye mwamba. Hayo yasubiri. Sema hivi, polepole, na karatasi mkononi:

"Mwanangu ana himofilia A kali. Ana kilo 15. Amepiga kichwa saa moja jioni. Naomba apewe fakta 8 sasa hivi, kabla ya picha na kabla ya majibu ya damu. Barua ya daktari wake ni hii."

Anayekupokea huenda ni mwenye huruma na bidii, lakini hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Kwa wagonjwa wengine wengi amefundishwa kupima kwanza, kisha kutibu. Kwa huyu kanuni ya madaktari wa himofilia duniani ni kinyume: ukishuku damu ya kichwani, dawa kwanza, picha baadaye. Fakta aliyopewa mtoto ambaye mwisho akaonekana hana damu kichwani haimdhuru. Saa mbili za foleni ya picha zinaweza kumuua.

Kama hospitali haina fakta, uliza kuhusu plazma iliyogandishwa na kriyo, ambazo zote hutokana na damu ya wachangiaji. Hapa ndipo kujua A na B kunapookoa: kriyo ina fakta 8 lakini haina fakta 9, kwa hiyo haimsaidii wa B. Huyo apewe plazma, mpaka fakta 9 ipatikane.

KUCHANGANYA NA KUCHOMA

Hili hufundishwa kliniki kwa mikono, si kwa maandishi, na mwalimu wako akuone ukifanya mara kadhaa kabla hujafanya peke yako. Haya ni ya kukumbusha tu.

1. Soma kichupa kwa sauti: jina, fakta namba ngapi, yuniti ngapi, tarehe ya mwisho. Linganisha na karatasi ya dozi.

2. Viache vichupa vipoteze baridi ya friji. Usivitie kwenye maji ya moto.

3. Nawa kwa sabuni, kausha. Futa vizibo vya mpira kwa spiriti, acha vikauke vyenyewe.

4. Ingiza maji kwenye unga. Kisha zungusha kichupa taratibu katikati ya viganja, kama unasokota uzi. Usitikise. Ukitikisa, povu linajaa na unaiharibu dawa. Utaona unga unayeyuka kuanzia chini, maji yanarudi kuwa angavu. Yakibaki na ukungu au vipande, usichome.

5. Vuta kwenye bomba, toa hewa, tumia sindano ndogo ya kipepeo. Choma polepole, kwa dakika zilizoandikwa.

6. Ukichomoa, bana kwa pamba kavu dakika 5 au zaidi. Usisugue.

7. Andika daftarini: tarehe, saa, sababu, yuniti, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa. Bandika kile kibandiko kama kipo.

8. Sindano iende kwenye kopo gumu lenye kifuniko, lirudishwe kliniki. Isitupwe pwani wala jaani, watoto wanaokota.

Tahadhari kwa himofilia B: sindano za mwanzo za fakta 9, kama 10 hadi 20, zichomwe hospitali. Wapo watoto wachache ambao mwili huipokea kwa mzio mkali.

FRIJI NA UMEME

Fakta huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda imekufa. Dawa nyingi zinaweza kukaa nje ya friji miezi kadhaa chini ya nyuzi 25 au 30. Soma boksi lako, andika kwa kalamu tarehe uliyoitoa, na usiirudishe tena. Watu wazima wa Unguja hawahitaji kukumbushwa mwaka 2008, wala kile kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika kisiwa kizima. Kwa hiyo mpango wa friji lazima uwe na mpango wa pili: mkubaliane mapema na duka au hoteli ya jirani yenye jenereta, na wajue kuwa kile kiboksi si cha kusogezwa.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kuchua. Goti likivimba, mkono wa kwanza hukimbilia mafuta ya nazi, na bibi anachua kwa mapenzi yake yote. Kila mkandamizo unapasua mishipa midogo zaidi. Maji ya moto nayo yanaifungua mishipa. Mwambie bibi kwa heshima, umpe barafu na khanga. Kazi ya kumtuliza mjukuu bado ni yake.

Chale na chuku. Usimkubalie mtu, hata anayeheshimika, ampige mtoto huyu hijama au amchanje.

Dawa za dukani. Aspirini, Brufen na diklofenaki hapana, maana zinadhoofisha hata kile kizibo cha kwanza ambacho mtoto huyu anacho. Sindano ya msuli wa tako nayo hapana, bila idhini ya daktari wake. Chanjo zote apewe, lakini kwa sindano nyembamba, chini ya ngozi inapowezekana, na pabanwe dakika 5 hadi 10.

Kuacha mapema kwa sababu maumivu yamepungua. Kiungo kinachovuja damu mara kwa mara huliwa gegedu mpaka kinakakamaa. Mguu uliojikunja katika umri wa miaka 12 mara nyingi ulianza na goti lililoachwa nusu tiba katika umri wa miaka 4.

Kunyamaza dawa inapokosa nguvu. Kwa watoto takriban 3 kati ya 10 wenye himofilia A kali, mwili hujenga vizuizi vinavyoipiga vita fakta. Ukiona dozi ile ile iliyokuwa ikimsaidia haimsaidii tena, usiongeze kimyakimya. Rudi akapimwe, zipo dawa nyingine za kupita njia ya pembeni.

Na kama mwanao anatumia emisizumabu, ile dawa ya kuzuia damu isivuje inayochomwa chini ya ngozi, jua kwamba haitibu damu iliyokwisha kuanza kuvuja. Akiumia bado atahitaji tiba, na daktari wa dharura aambiwe kuwa anaitumia, maana inabadilisha majibu ya vipimo.

TOHARA

Kwetu watoto wengi wa kiume hutahiriwa wangali wadogo, na kwa familia nyingi kisu hicho ndicho kinachofichua himofilia: damu inakatika, inarudi usiku, inakatika, inarudi siku ya tatu. Kama katika ukoo wenu kuna mjomba aliyetoka damu sana kwenye jando, au mtoto wa kiume aliyefariki baada ya kutahiriwa, mpime mtoto kwanza. Hilo linawahusu na ndugu za mama, watoto wa khalati.

Aliyekwisha kujulikana anaweza kutahiriwa. Iwe hospitali, kwa daktari anayejua, fakta ikiwa mkononi ya siku ile na siku zinazofuata hadi kidonda kipone. Ngariba asimguse, hata kama ndiye aliyewatahiri baba na babu. Hakuna dhambi katika kuchelewesha mpaka dawa ipatikane. Ukihitaji neno la kuwatuliza wazee, nenda na barua ya daktari kwa shekhe wako, akusikilize.

LA KUFANYA WIKI HII

☐ Barua ya daktari, nakala tatu: moja mkobani, moja skuli, moja kwa mwalimu wa chuoni. Iwe na aina, ukali, uzito, dozi ya kichwa, dozi ya kiungo.
☐ Uzito mpya kila baada ya miezi mitatu. Dozi ya kilo 15 haimtoshi wa kilo 19.
☐ Mwalimu wa skuli aonyeshwe, si aambiwe tu: mguse magoti yote mawili, hivi.
☐ Acheze. Kuogelea kunaimarisha misuli inayolinda viungo. Kupanda minazi na kupigana mieleka ndivyo vya kukatazwa.
☐ Dada zake wapimwe. Nao wanaweza kuwa na kiwango kidogo cha fakta, na ikifika siku ya kujifungua mkunga anahitaji kujua kabla.
☐ Piga simu Kitogani na Mnazi Mmoja mchana, uulize: fakta ipo? Ya 8 au ya 9? Nani mwenye ufunguo usiku?
☐ Zungumza na sheha na jirani wawili wenye gari, mmoja asipopatikana awepo mwingine. Nambari zao ziandikwe kwa chaki nyuma ya mlango, kwa tarakimu kubwa, mahali ambapo hata mtoto mwenyewe anaweza kuzisoma kwa mwanga wa simu.